Dar es Salaam hadi Maskati: Namna ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Ndege Mwenyewe

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa Maskati ni kilomita 3,970 hivi kwa mstari ulionyooka wa angani. Ndege ya moja kwa moja hutumia saa 5 na robo hadi saa 5 na nusu. Kama ulitaka hayo tu, umeshayapata, na nakutakia safari njema.

Mwongozo huu ni wa yule aliyeitazama tiketi akaona kwenda kunachukua saa 6 na ushei na kurudi saa 4 na nusu, akajiuliza ni ndege gani hii inayokwenda kwa kujivuta na kurudi mbio. Ni wa yule aliyetafuta umbali kwenye intaneti akaletewa 2,144, kisha 2,467, kisha 3,980, na kila ukurasa unaapa kwamba namba yake ndiyo. Na zaidi ni wa yule anayempangia safari mzazi wake, ambaye simu ya kwanza kutoka Omani itakuwa: "Mama anatua saa ngapi?" Hapo jibu la kubahatisha halisaidii kitu.

Nimeichukua Maskati kwa sababu watu wetu wanaiendea sana na wamekuwa wakiiendea tangu enzi za majahazi, lakini hatua hizi zitakufaa kwa miji yoyote miwili. Utahitaji simu yenye ramani na kikokotoo, na karatasi ya kuandikia. Karatasi usiidharau.

Hatua ya 1: Jua unapima kutoka wapi hadi wapi, na kwa kipimo gani

Namba zinazogongana kwenye intaneti mara nyingi zote ni za kweli, ila hazijibu swali moja. Ukurasa mmoja umepima kutoka katikati ya jiji la Dar, karibu na Posta, hadi Maskati ya kale kule kwenye ngome za bandarini. Mwingine umepima kutoka uwanja hadi uwanja. Uwanja wa Maskati uko upande wa Sib, magharibi ya mji, kilomita kama 30 kutoka Maskati ya kale. Kwa hiyo tofauti ya kilomita kumi au ishirini isikusumbue. Anayesafiri kwa ndege apime uwanja hadi uwanja, basi.

Tofauti kubwa hutokana na maili. Kuna maili ya nchi kavu, ambayo ni kilomita 1.609, na kuna maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Marubani na manahodha wanatumia hiyo ya baharini. Kwa safari yetu, kilomita 3,970 ni maili 2,467 za nchi kavu, au maili 2,144 za baharini. Ukurasa ukiandika "maili" bila kusema ni zipi, uangalie kwa jicho la pembeni.

Hatua ya 2: Tafuta nukta za viwanja viwili

Fungua ramani kwenye simu, utafute uwanja, kisha ubonyeze juu yake bila kuachia mpaka ishara ya pini itokee. Pale chini, au kwenye kisanduku cha kutafutia, zitaonekana namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani uko nyuzi ngapi kusini au kaskazini mwa Ikweta. Ya pili ni longitudo, nyuzi ngapi mashariki au magharibi. Alama ya kutoa mbele ya latitudo maana yake ni kusini.

Uwanja wa Dar es Salaam: kusini 6.88, mashariki 39.20.
Uwanja wa Maskati: kaskazini 23.59, mashariki 58.28.

Ziandike. Wengi wanaokosea wanakosea hapa, kwa kusahau ile alama ya kutoa na kuihamishia Dar upande wa pili wa Ikweta. Ukifanya hivyo umeisogeza hadi Ethiopia, na hesabu yote itakuwa imepinda kabla hujaianza.

Kama hupendi hesabu, ramani nyingi za simu zina sehemu ya kupima umbali: weka pini kwenye uwanja wa kwanza, chagua kupima, vuta hadi uwanja wa pili, nawe utasomewa kilomita. Unaweza kufanya hivyo na kuruka hatua inayofuata. Mimi hufanya yote mawili, kwa sababu kidole kikiteleza kwenye skrini hakikwambii kwamba kimeteleza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umbali

Waliopitia hesabu za sekondari watakumbuka mada ya dunia kama tufe. Usiogope, hapa tunachukua kipande chake kidogo tu.

Nyuzi moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kilomita 111.2 popote ulipo duniani. Nyuzi moja ya kwenda mashariki au magharibi ni kilomita hizohizo ukiwa kwenye Ikweta, lakini hupungua kadiri unavyoelekea ncha za dunia, kwa sababu mistari ya longitudo inakwenda ikikaribiana. Ndiyo maana kuna kuzidisha kwa kosaini hapa chini.

Kwanza, tofauti ya latitudo. Dar iko kusini na Maskati iko kaskazini, kwa hiyo tunajumlisha: 6.88 + 23.59 = 30.47. Miji yote miwili ingekuwa upande mmoja wa Ikweta, tungetoa.

Pili, tofauti ya longitudo. Yote iko mashariki, tunatoa: 58.28 − 39.20 = 19.08.

Tatu, tafuta latitudo ya katikati ya safari. Dar kwa kuwa iko kusini inahesabiwa hasi: 23.59 − 6.88 = 16.71, gawanya kwa mbili, unapata 8.36. Kosaini ya 8.36 ni 0.989. Hakikisha kikokotoo chako kinatumia nyuzi na si radiani, maana kikiwa kwenye radiani kitakupa jibu la ajabu. Zidisha: 19.08 × 0.989 = 18.87.

Nne, sasa ni Pythagoras. 30.47 kwa 30.47 ni 928.4. 18.87 kwa 18.87 ni 356.1. Jumla 1,284.5. Kipeuo chake cha pili ni 35.84. Zidisha kwa 111.2: kilomita 3,985.

Hesabu kamili ya tufe, ile inayofuata duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya tufe, inatoa kama 3,970. Tumezidisha kilomita 15, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika moja na kitu. Kwa kazi ya karatasi na kalamu, hiyo ni sahihi ya kutosha. Njia hii inakubali vizuri safari za Afrika Mashariki, na hata za Ghuba. Usiitumie kwa Dar hadi Toronto, kwa mfano, kwa sababu kule mkunjo wa dunia unakuwa mkubwa mno na jibu litaongopa kwa mamia ya kilomita. Kwa safari ya namna hiyo tumia ramani ya simu, au chukua tufe la darasani na uzi, uunyooshe uzi kati ya miji hiyo miwili, kisha uulinganishe na mzingo wa tufe lenyewe, ambao unasimama badala ya kilomita 40,000.

Mstari huo unapita wapi

Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo utajua kwa nini ndege haifuati hesabu yako neno kwa neno.

Ukivuta mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Maskati, unatoka ukielekea kaskazini-mashariki, unapita ubavuni mwa Unguja na Pemba, unaiacha Lamu mkono wa kushoto ukiwa juu ya bahari, kisha unaingia Somalia na kuipanda kwa urefu wake, Mogadishu ikiwa kulia. Unatokea pwani ya kaskazini ya Pembe ya Afrika, unavuka Ghuba ya Aden, unapita karibu na ncha ya mashariki ya Yemen, unaingia jimbo la Dhofar la Omani si mbali na Salala, halafu sehemu kubwa ni jangwa mpaka Maskati.

Nchi mbili kati ya hizo zina habari ndefu angani. Somalia ilikaa miaka mingi bila uongozaji kamili wa ndege, ikarudishiwa hadhi ya anga inayoongozwa kikamilifu mwaka 2023. Yemen, kwa sababu ya vita, mashirika mengi yanaikwepa au yanapita pembezoni mwake juu ya bahari. Kwa hiyo ndege yako inaweza kupinda. Ongeza asilimia 2 hadi 5 juu ya mstari ulionyooka na utakuwa karibu na ukweli. Asilimia 4 ya 3,970 ni kilomita kama 160, ambazo ni dakika 12.

Na upepo? Wazee wa bahari waliijua njia hii kwa upepo tu. Kaskazi, unaoanza mwishoni mwa mwaka, uliwaleta kutoka Omani hadi pwani yetu. Kusi, kuanzia Aprili hivi, uliwarudisha. Mwenye kukosa msimu alikaa miezi. Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, alifariki baharini mwaka 1856 akiwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Ndege haingoji msimu, lakini upepo bado unaigusa, ila kwa namna nyingine. Kati ya Juni na Septemba, wakati kusi inavuma kwa nguvu juu ya maji kuelekea Uarabuni, kule juu kabisa, kilomita kumi na zaidi, mara nyingi upepo hutoka mashariki. Jahazi lingesukumwa, na ndege iliyo juu ya jahazi hilohilo inapigwa upepo wa usoni. Katika miezi ya Desemba hadi Februari, sehemu ya Uarabuni hupata upepo mkali wa juu unaotoka magharibi, na ndege inayoelekea Maskati husaidiwa kidogo mwisho wa safari. Kwa njia hii, tofauti ni ya dakika chache tu kwenda na kurudi. Wanaoona tofauti ya saa nzima na zaidi kwenye tiketi wanaona kitu kingine, tutakifikia.

Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa muda

Ndege za jeti zinazopita njia kama hii, zikishapanda kwenye kimo chake, huenda kama kilomita 830 kwa saa. Lakini haziruki kwa kasi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna kutembea kutoka maegesho hadi njia ya kurukia, kuna kupanda, kuna kushuka, kuna kutembea tena hadi mlangoni. Kanuni ninayoitumia: gawanya kilomita kwa 830, kisha ongeza nusu saa.

3,970 ÷ 830 = 4.78.

Angalia hapa. Hiyo si saa 4 na dakika 78. Chukua 0.78 uzidishe kwa 60, unapata dakika 47. Saa 4 na dakika 47, ongeza 30, ni saa 5 na dakika 17. Ukiweka na zile dakika 12 za kupinda, saa 5 na dakika 29. Ndipo ilipotoka ile "saa 5 na robo hadi saa 5 na nusu" ya mwanzo.

Ijaribu kwa Mwanza ili uiamini. Dar hadi Mwanza kwa anga ni kilomita 852 hivi. Gawanya kwa 830: saa 1 na dakika 2. Ongeza nusu saa: saa 1 na dakika 32. Aliyewahi kupanda jeti kwenda Mwanza atakwambia ni hapohapo.

Kanuni hii inakufa kwenye safari fupi sana. Uwanja wa Dar hadi uwanja wa Unguja ni kilomita 73. Hapo ndege haina hata nafasi ya kufikia kasi yake, inapanda na kuanza kushuka. Chini ya kilomita 300, achana na kanuni, soma ratiba. Na kama ndege ni ya pangaboi, zile zinazokwenda viwanja vidogo, weka kilomita 550 kwa saa badala ya 830.

Hatua ya 5: Isome tiketi kama inavyotaka kusomwa

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu, na haihusiani na ndege kabisa. Inahusiana na saa.

Tiketi haikwambii muda wa safari kwa saa moja ya ukutani. Inakuonyesha saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaoondoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaofika. Omani iko mbele ya Tanzania kwa saa moja, mwaka mzima; nchi hizi mbili hazibadilishi saa zao kwa msimu kama wafanyavyo Ulaya. Kwa hiyo, unapokwenda Maskati unatoa saa moja, na unaporudi unaongeza saa moja.

Tuseme tiketi imeandikwa: kuondoka Dar 17:00, kufika Maskati 23:20. Kutoka 17:00 hadi 23:20 ni saa 6 na dakika 20. Toa saa 1. Safari ni saa 5 na dakika 20.

Kurudi: kuondoka Maskati 14:30, kufika Dar 19:00. Tofauti ni saa 4 na dakika 30. Ongeza saa 1. Safari ni saa 5 na dakika 30. Ndege haikwenda polepole wala haikurudi mbio. Ni saa zako tu zilizotangulia na kurudi nyuma.

Ukienda upande wa pili, mambo yanageuka. Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Dar kwa saa moja, hivyo kwenda ndiko kunakoonekana kufupi na kurudi kurefu. Nairobi, Kampala, Addis Ababa na Doha ziko sawa na Dar. Lubumbashi nyuma kwa saa moja. Dubai ni sawa na Maskati.

Baada ya hapo kuna saa yetu sisi wenyewe. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Tofauti ni sita. 17:00 ni saa kumi na moja jioni. 23:20 ni saa tano na dakika ishirini usiku. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, na si saa sita, kwa yeyote anayedhani ana muda wa kunywa chai kwanza. Ukimsomea mzee tiketi, msomee kwa saa ya Kiswahili na utaje kipindi cha siku, kila mara. Kwenye karatasi umwandikie zote mbili.

Kibaya kuliko vyote ni ndege za baada ya usiku wa manane, nazo ni nyingi kwenye njia za Ghuba. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:40, basi ndege inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 11. Anayekwenda uwanjani tarehe 12 usiku ameshaachwa na ndege karibu saa 24 zilizopita, na kaunta haina huruma kwa hesabu ya namna hiyo. Mimi hushauri mtu aizungushie tarehe 11 duara kwenye kalenda na kuandika "uwanjani", bila kuangalia tiketi inasemaje.

Nyongeza kwa wanaofunga. Ukisafiri mchana wa Ramadhani kuelekea Maskati, unakwenda mashariki kwa nyuzi 19. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo unalikimbilia machweo kwa saa 1 na dakika 16 hivi, na mchana wako unakuwa mfupi kiasi hicho, msimu nao ukiongeza au kupunguza kidogo. Anayerudi Dar anaurefusha. Lakini ukiwa kimo cha kilomita kumi na zaidi, jua unaendelea kuliona dakika kumi na kitu baada ya waliopo ardhini chini yako kufuturu. Hukumu yake muulize sheikh wako kabla ya safari, si muhudumu wa ndege.

Hatua ya 6: Kama si ndege ya moja kwa moja

Tiketi za kupitia mji mwingine mara nyingi ni nafuu, na si vibaya kuzichukua, mradi ujue unachokubali.

Linganisha umbali kwanza. Kupitia Dubai: Dar hadi Dubai ni kilomita 3,978, Dubai hadi Maskati karibu 350. Angalia hiyo namba ya kwanza. Dubai iko mbali na Dar sawasawa na Maskati yenyewe! Yaani unakwenda safari nzima, halafu unaongeza kipande cha pembeni. Kupitia Doha: 3,818, kisha kama 700, jumla 4,518. Kupitia Addis Ababa: 1,764, kisha 2,633, jumla 4,397.

Utaona kwamba kilomita za ziada si nyingi kivile. Hakuna njia hapo inayozidisha hata asilimia 15. Kinachorefusha safari ni kukaa uwanjani, na vile vipande viwili vya kupanda na kushuka: ile nusu saa yetu ya kanuni unailipa mara mbili.

Kupata muda wote wa safari, usijumlishe vipande. Chukua saa ya kuondoka mwanzo kabisa na saa ya kufika mwisho kabisa, tafuta tofauti, kisha rekebisha saa ya Omani mara moja tu. Mfano: kuondoka Dar Jumatatu 17:20, kufika Maskati Jumanne 09:10. Kutoka 17:20 hadi 17:20 ya kesho yake ni saa 24. Toa kutoka 09:10 hadi 17:20, ambayo ni saa 8 na dakika 10. Inabaki saa 15 na dakika 50. Toa saa 1 ya Omani: saa 14 na dakika 50. Sasa jiulize kama punguzo la bei linalingana na saa 9 na nusu za ziada. Kwa kijana mwenye kitabu na chaja, pengine ndiyo. Kwa mama mwenye miguu inayovimba, mimi nalipa ya moja kwa moja nikiweza, na kama haiwezekani natafuta yenye kusubiri saa 2 hadi 4. Chini ya saa moja na nusu ya kuunganisha siipendi, maana ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, ya pili utaiona ikipaa.

Kuna wanaouliza kama kuondokea Unguja ni karibu zaidi. Ni kweli: kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume hadi Maskati ni kilomita 3,908 hivi, pungufu ya Dar kwa kama 60. Hizo ni dakika nne au tano. Boti peke yake ni saa mbili hivi. Ondokea Unguja kama unakaa Unguja, au kama tiketi ya huko ni nafuu kwa kiasi cha kueleweka.

Hatua ya 7: Hesabu na saa za ardhini

Ndege za nje pale Dar hutumia Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019. La pili ni la safari za ndani. Mwambie dereva mapema, hasa wa bodaboda. Kwa safari ya nje, fika saa 3 kabla. Kaunta za mashirika mengi hufungwa saa 1 kabla ya kuondoka, na wakishafunga wamefunga.

Kufika uwanjani ndiko kusikotabirika. Anayetoka Buguruni ana dakika chache. Anayetoka Bunju, Mbezi au Kigamboni jioni ya siku ya kazi aweke saa 2, na kama mvua imenyesha aweke saa 3 na asione haya kufika mapema. Barabara ya Nyerere imepata ahueni tangu daraja la juu la TAZARA lifunguliwe mwaka 2018, lakini foleni imehamia mbele na nyuma yake.

Kule Maskati, weka saa 1 ya uhamiaji na mizigo. Kisha uliza mwenyeji anakaa wapi. Akiwa Sib au Al Khod, ni jirani na uwanja. Akiwa Matrah au Maskati ya kale, ni nusu saa kwa gari usiku, zaidi kidogo kukiwa na magari mengi.

Jumlisha sasa kwa mfano wetu wa 17:00. Kutoka nyumbani Tegeta saa 12:00, yaani saa sita mchana. Uwanjani 14:00. Ndege 17:00. Kutua 22:20 kwa saa ya Dar. Kutoka nje 23:20, nyumbani kwa mwenyeji karibu na 23:50. Safari ya "saa tano" imekula saa 12 kasoro dakika 10, na ukifika, saa ya ukutani kwa shangazi inasoma 00:50. Usipange miadi ya hospitali asubuhi yake.

Kisha mtumie mwenyeji ujumbe usioacha nafasi ya kubahatisha. Kitu kama hiki: "Shikamoo shangazi. Mama anatua Maskati Jumanne tarehe 12, saa 23:20 za huko, yaani saa tano na dakika ishirini usiku. Atatoka nje kwenye saa sita na dakika ishirini usiku. Msitoke nyumbani mapema."